Uwanja Nyuma ya Jiko

1 Machi, Jumamosi

Naandika nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya wateja. Nataka iwe imeandikwa mahali kwamba wazo lilikuwa langu. Likifaulu, Baba Kitinda asije akajisifu kwa rafiki zake. Likibuma, nitajua pa kuanzia kujilaumu.

Wazo lenyewe ni hili. Kitinda, binti yetu wa mwisho, ana miaka kumi na sita na anacheza mpira wa magongo. Shuleni kwao hakuna anayemkaribia. Lakini uwanja wa shule ni vumbi na changarawe, na majaribio ya timu ya vijana hufanyika kwenye uwanja mkuu wenye nyasi bandia, lile kapeti la kijani ambalo mwaka jana alilikanyaga kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo ya majaribio. Nilikuwa nimesimama nje ya uzio. Mpira ulimjia kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona, ukampita chini ya gongo. Wa pili nao ukampita. Wa tatu aliuwahi mno, ukamgonga mguuni. Baada ya robo saa wakaita namba yake, akatoka. Tulipofika nyumbani gongo alilisukumia chini ya kitanda, likakaa huko hadi Januari.

Mwaka huu majaribio ni tarehe 26 Aprili. Mwakani atakuwa amevuka umri. Imebaki mara moja tu, na sitaki mwanangu apimwe tena kwa kitu ambacho hajakizoea. Kapeti litaletwa hapa nyumbani, nyuma ya jiko.

3 Machi, Jumatatu

Sare za shule kumi na mbili, zipu mbili zilizokataa. Baba Kitinda amepiga simu kutoka safarini na lori lake: kuna uwanja huko ambao kweli unabadilishwa kapeti, na la zamani wanalitupa. Nimemwambia asirudi na lori tupu.

8 Machi, Jumamosi

Hakurudi na lori tupu. Amerudi na mizigo minne mikubwa ya kapeti, imeviringishwa na matope yake, mizito kiasi kwamba wanaume wanane waliishusha wakitukanana. Mzigo mmoja ulivunja chungu changu cha maua. Nimesamehe.

Wifi alikuwa amekaa mahali pake, kwenye kiti chake cha plastiki kando ya kamba ya nguo. Ni dada mkubwa wa mume wangu, muuguzi mstaafu, na chumba chake ndicho kinachofungukia uwani. Jua lote la asubuhi la nyumba hii ni lake.

"Wifi, hicho ni nini?" akaniuliza.

"Uwanja wa Kitinda."

"Mimi naona matope yaliyokunjwa. Na nguo zangu nitaanika wapi? Kichwani kwa refa?"

Nikamwambia tutatafuta pa kuhamishia kamba. Akasema yeye hahamishwi, na kamba yake haihamishwi, na mtu anayetaka kuhamisha vitu ahamishe cherehani yake inayopiga kelele usiku na mchana. Tuliendelea hivyo mpaka chakula kikaungua.

9 Machi, Jumapili

Tumeikunjua mizigo barabarani kupima. Waliolikata uwanjani walikata ovyo, kisu kilikuwa kikiwakimbia. Kila kipande kina urefu wa mita kumi na sita, lakini mwanzo ni kipana, mita mbili na robo, na mwisho ni chembamba, mita moja na robo tatu. Vinne vyote viko hivyohivyo, vimepanuka kama vipande vya sketi. Nimevitazama nikacheka. Sketi ndiyo kazi yangu.

10 Machi, Jumatatu

Amekuja Fundi Zulia. Ni mtu mwembamba wa makamo, ametandika mazulia katika maofisi na kumbi karibu zote za hapa mjini. Anapima mara mbili, anaandika mara moja, hazungumzi. Nimemuuliza kama amewahi kutandika nyasi.

"Sijawahi, mama. Lakini kinachotandikwa chini ni kilekile."

Sikupenda jibu. Nimemchukua kwa sababu hakuna mwingine.

12 Machi, Jumatano

Tumegombana, mimi na Fundi Zulia, kabla hata ya kuchimba. Yeye anataka kukata kingo za kila kipande zinyooke, upana wote uwe ule wa upande mwembamba. Kwa hesabu yake tunabaki na uwanja wa mita saba.

"Na mita moja nzima inakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Inakwenda zake, mama. Kapeti halikukatwa vizuri."

Miaka thelathini nakata nguo na sijawahi kutupa mita ya kitambaa. Nikachukua karatasi nikamchorea: kipande cha kwanza upande mpana juu, cha pili upande mpana chini, cha tatu juu, cha nne chini. Vinapokaa kichwa kwa miguu, upana wa huyu unaziba wembamba wa yule. Mita nane kamili, bila kutupa hata kiganja. Hivyo ndivyo tunavyopanga sketi ya vipande, na mteja huondoka na kitambaa cha kubaki.

Aliutazama mchoro kwa muda mrefu. "Kuna kitu kinanitatiza hapa," akasema, "ila sijui ni nini."

Nikamwambia kinachomtatiza ni kufundishwa kazi na mwanamke. Akacheka kidogo, akaukunja mchoro, akautia mfukoni. Nimeshinda. Kamba ya wifi imeng'olewa mchana huu. Hajala na sisi.

13 Machi, Alhamisi

Wameanza kuchimba. Wifi hazungumzi na mimi. Anazungumza na ukuta, kwa sauti ya kunifikia.

15 Machi, Jumamosi

Udongo wa juu umeondolewa, kokoto zimemwagwa. Mvua ya kwanza imenyesha alasiri, ya rasharasha. Fundi Zulia ameacha mteremko mdogo kuelekea mferejini ili maji yasilale. Hilo kwa kweli nimelipenda.

17 Machi, Jumatatu

Juu ya kokoto wamemwaga vumbi la mawe na kulishindilia mpaka vikombe vikawa vinacheza kabatini. Sasa pamekuwa laini, unaweza kusukuma chapati juu yake. Fundi anasema mvua kubwa ikipiga hapa kabla kapeti halijatandikwa, vumbi lote litaingia mferejini na kazi ya siku tano itarudi mwanzo. Tumefunika kwa turubai.

18 Machi, Jumanne

Lazima niandike yote ya leo.

Nilikuwa nimepeleka sare shuleni, upande wa pili wa mji. Fundi Zulia alikuwa ameenda kutafuta gundi, Kitinda yuko darasani, Baba Kitinda yuko safarini. Saa sita mbingu ikawa nyeusi, na upepo ukaanza kubeba vitu barabarani, makopo, magazeti, kofia ya mtu. Nilikimbia. Mimi, kwa mwili huu, nilikimbia, na watu wakanipisha. Njiani nikawa naliona turubai akilini limeruka juu ya mapaa, na vumbi la mawe linateremka mferejini na Kitinda wangu nalo.

Nilipoingia uwani mvua ilikuwa inapiga hata huoni ukuta. Katikati ya turubai, kwenye kile kiti cha plastiki, alikuwa amekaa wifi. Mwavuli ulikuwa umegeuka nje ndani. Pembe nne za turubai alikuwa ameziwekea mabeseni yake manne, yamejaa maji hadi pomoni. Kati ya beseni na beseni kulikuwa na ndoo, jiwe la kusagia, redio yake ndani ya mfuko wa plastiki, na sanduku lake la nguo.

"Usinishangae," akasema. "Lete kiti kingine. Upande ule unainuka."

Nilileta kiti. Tulikaa pale, wanawake wawili wazima, tukilowa kwa saa nzima, na kila upepo ulipoingia chini ya turubai tulikanyaga kwa pamoja. Baadaye tukaanza kucheka na hatukuweza kunyamaza.

Nikamuuliza kwa nini, na yeye alikuwa hautaki uwanja.

"Siutaki hata leo," akasema. "Lakini nimeuguza watu miaka thelathini na minne, wifi. Najua sura ya mtu anayesubiri majibu. Huyu mtoto ana sura hiyo tangu mwaka jana." Akafuta miwani kwa kanga iliyolowa, ambayo haikusaidia kitu. "Na kamba yangu bado nakudai."

Vumbi la mawe limebaki mahali pake. Nimeishi na mwanamke huyu miaka tisa nikidhani namjua.

19 Machi, Jumatano

Wifi ana mafua. Nimempelekea supu kitandani. Amesema haina chumvi.

22 Machi, Jumamosi

Limetandikwa! Vipande vyote vinne, kichwa kwa miguu kama nilivyochora, chini ya kila mshono utepe mpana na gundi, na watu watano wakitembea juu kwa magoti kukandamiza. Mita nane kwa kumi na sita. Mistari ya zamani ya uwanja mkubwa imeangukia mahali pa ajabu, kuna kona nyeupe katikati na nusu ya duara karibu na jiko, lakini ni kijani na ni letu.

Kitinda alitoka shuleni akasimama mlangoni. Alivua viatu, akatembea mpaka katikati, akapiga magoti akaweka viganja vyote viwili chini. Baba yake akachukua gongo kumwonyesha jinsi vijana wa zamani walivyocheza, akaanguka, akabaki amelala chali anacheka tumbo likitikisika. Nimejisikia mrefu leo. Fundi Zulia alipoaga nilimwambia, "Umeona mita yangu?" Akasema, "Nimeiona, mama."

23 Machi, Jumapili

Nyasi zinataka mchanga mkavu katikati yake ili zisimame na kapeti liwe zito. Mchanga mkavu, katika mvua hizi. Tumeuanika sebuleni, ukumbini, na kwenye sakafu ya chumba cha wifi, ambaye sasa anatembea kwa kuruka kutoka kitandani hadi mlangoni.

25 Machi, Jumanne

Kitinda amecheza saa mbili. Nimemuuliza mpira unakwendaje. "Vizuri, mama."

27 Machi, Alhamisi

"Vizuri, mama."

29 Machi, Jumamosi

Mvua kutwa. Nguo za harusi, lulu ndogondogo mia tatu. Macho yamekwisha.

31 Machi, Jumatatu

"Vizuri, mama." Lakini nilikuwa dirishani, na nimeona kwamba anacheza kwenye kipande kimoja tu, kile cha ukutani, huku na huku, huku na huku. Mita nane na mtoto anatumia mbili.

2 Aprili, Jumatano

Siku mbaya kuliko zote, na kibaya zaidi ndani yake ni mimi.

Asubuhi nilimkuta Kitinda amekaa juu ya kokoto zilizobaki, gongo magotini, analia bila sauti. Nilikaa kando yake. Ilichukua muda.

"Mama, mpira hauendi moja kwa moja," akasema. "Ukivuka mshono wa kwanza unakata kushoto na unapungua mwendo. Ukivuka wa pili unarudi na unateleza. Nimeshaanza kuupokea kwa kukisia. Nikienda kule nitakuwa nakisia tena, kama mwaka jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Basi hasira zilinipanda. Nilimpigia simu Fundi Zulia nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alikuja mbio na pimamaji yake. Alipima kila kona, kila mshono, mara mbili kama kawaida yake, na kila mahali kiputo cha hewa kilionyesha mteremko uleule mmoja. "Chini kumenyooka, mama," akasema. Nikamwambia basi kilichopinda ni yeye. Nikamwambia anajifanya fundi wa nyasi na hajawahi hata kulisha mbuzi, na asikanyage tena uwani kwangu. Alikusanya vitu vyake taratibu. Kitinda alikuwa anatazama chini. Wifi, mlangoni kwake, alitikisa kichwa akaingia ndani.

Mchana akaja mteja na kitambaa cha mahameli, cha rangi ya zambarau, anataka gauni la kumuozea binti. Nilikitandaza mezani nikapitisha kiganja juu yake, kama ninavyofanya siku zote kujua manyoya yamelalia wapi. Upande huu laini. Upande huu yanakataa. Kiganja kikasimama palepale. Mteja akaniuliza kama naumwa.

Nilitoka nje na chaki mkononi. Nilipiga magoti kwenye kipande cha kwanza nikapitisha kiganja kuelekea jikoni: laini. Cha pili: kinakataa. Cha tatu: laini. Cha nne: kinakataa. Nyasi za kapeti zina mlalo wake, sawa na mahameli, na nilikuwa nimezipanga nusu zinakwenda na nusu zinarudi. Zilipoletwa zilikuwa zimegandamana kwa matope, hazionyeshi kitu, lakini hiyo si sababu. Mwanafunzi wa cherehani wa mwezi wa pili anajua kwamba mahameli haipangwi kichwa kwa miguu. Vipande vyote vinaelekea upande mmoja, na kitambaa kinachopotea kinapotea. Nimewahi kuwafukuza wanafunzi kwa kosa hilo. Nilikuwa nafikiria mita moja, nikasahau ninachokijua kuliko vitu vyote duniani.

Mpira hauna kosa. Fundi hana kosa. Mchoro ni wangu.

3 Aprili, Alhamisi

Nilikwenda kwa Fundi Zulia kabla hajafungua kazi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Alipofungua mlango ikanipotea yote, nikasema tu, "Ni mimi. Mlalo wa nyasi. Ni mimi niliyevigeuza, na wewe nimekuvunjia heshima mbele ya mwanangu. Nisamehe."

Nilijua atanifukuza. Akasema, "Zulia pia lina mlalo, mama. Mikono yangu ilipita juu ya kila kipande, nami nikanyamaza. Nilikuambia kuna kitu kinanitatiza, halafu sikukitafuta." Akavaa viatu. "Zimebaki siku ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Twende."

Nilimdhani mtu asiye na la kusema. Ni mtu anayepima kabla ya kusema, na mimi sikumpa nafasi ya kupima.

Mpango: kung'oa vyote, kugeuza viwili, kukata kingo zinyooke kama alivyotaka tangu mwanzo. Mita saba. Tatizo ni kwamba gundi imekwisha, na hata ingekuwepo, unyevu huu hauiachi ikauke.

"Basi tutashona," nikasema.

Akanitazama. "Mama, ni mishono mitatu ya mita kumi na sita."

Nikamwambia kanzu za kwaya nilizoshona zikiunganishwa zinafika mbali kuliko hapo.

5 Aprili, Jumamosi

Mchanga umefagiwa, vipande vimeng'olewa, gundi ya zamani imekwanguliwa. Baba Kitinda ameshinda amepiga magoti na kisu, na hajatoa hata mzaha mmoja. Kwa mtu huyu hiyo ni ibada. Nilipokata ule ukingo wa kwanza, ukanda mrefu wa kijani ulijikunja miguuni pangu, nikaona uchungu. Halafu nikakata wa pili.

7 Aprili, Jumatatu

Tumeanza kushona chini ya turubai lililofungwa juu kama paa. Tunalaza vipande viwili uso kwa uso, migongo nje, na tunavishona ukingoni. Shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi wa nailoni. Mshono mmoja kila upana wa kidole. Mimi naanzia huku, Fundi Zulia anaanzia kule. Mwanzoni mishono yake ilikuwa ya kulegea, nikamwonyesha jinsi ya kuvuta uzi kwa kiwiko. Akashika mara moja. Hadi jioni: mita tano.

8 Aprili, Jumanne

Mita sita na kidogo. Vidole vimevimba.

9 Aprili, Jumatano

Wateja wanalalamika. Nimebandika karatasi dukani: Nashona kitu kirefu.

10 Aprili, Alhamisi

Leo sindano ilipenya kidole cha kati hadi upande wa pili. Wifi alinikalisha, akanisafisha, akanifunga bendeji, tena vizuri, na akafunga pia vidole ambavyo bado havijatoboka. Kisha akauliza sindano ya akiba iko wapi. Sikujua kama ni mzaha mpaka alipoketi upande wa pili wa mshono.

"Nimeshona ngozi za watu, wifi," akasema. "Hii haipigi kelele."

Mishono yake ni mizuri kuliko yangu. Naandika hapa kwa kuwa sitamwambia.

Tulipokuwa tunashona akauliza ile mita iliyokatwa itakuwa ya nani. Nikatazama ule ukanda wa ardhi uliobaki kando ya ukuta wa chumba chake, urefu wa uwa mzima, upana wa mita moja, na jua la asubuhi linapiga hapo. Nikamwambia ni yake, kiti na kamba, na sitasogeza kitu hata kama timu ya taifa itakuja kucheza hapa. Alivuta uzi mara tatu.

"Basi sikudai tena," akasema.

12 Aprili, Jumamosi

Mita arobaini na nane. Tumemaliza saa tisa alasiri, mvua ikiwa imepumzika.

Tulilikunjua watu sita, likakaa. Fundi Zulia alilipigia misumari mirefu pembezoni, tukamwaga mchanga, tukafagia. Kisha akachukua mpira wa Kitinda, akapiga goti upande wa ukuta, akausukuma kwa kiganja tu kuvuka upana wote. Ulivuka mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulikwenda kama umefungwa kwenye kamba, ukagonga mguu wa kiti cha wifi.

Aliufuata, akausukuma kurudi. Halafu tena. Mtu mzima asiyecheka alifanya hivyo mara tano, na mara ya tano alikuwa anacheka wazi. Kitinda alimnyang'anya mpira, akaupiga kwa gongo kwa nguvu zake zote, na ulipokuwa unarudi kutoka ukutani aliupokea, ukakaa kwenye gongo. Akauacha hapo kwanza, anautazama.

Furaha niliyonayo si ya kuandikika, lakini mtu akisoma hapa ajue ilikuwepo.

14 Aprili, Jumatatu

Kocha wa shule anasema uwanja mkuu humwagiwa maji kabla ya mechi ili mpira uteleze. Wifi amechukua mpira wa bomba. Anamwagia uwanja, anamwagia Kitinda, na jioni hii amenimwagia mimi.

17 Aprili, Alhamisi

Amekosa mipira minne kati ya hamsini. Fundi Zulia huja jioni kumpigia. Anasema anapita tu.

20 Aprili, Jumapili

Mvua kubwa. Mteremko umefanya kazi yake, baada ya nusu saa anacheza.

23 Aprili, Jumatano

Amekosa mmoja kati ya hamsini. Hali chakula vizuri. Mimi pia.

25 Aprili, Ijumaa

Nimemuuliza anaogopa nini. Amesema anaogopa kushindwa halafu sisi tuwe tumejisumbua bure. Nikamwambia kushona ni kazi yangu, naweza kushona kitu chochote, na akishindwa tutabaki tunampenda na uwanja tutaufanya pa kuanika mahindi. Akacheka. Amelala sasa. Mimi ndiye nisiyelala.

26 Aprili, Jumamosi

Wasichana sitini. Kitinda alipewa namba thelathini na moja. Tulisimama nje ya uzio watu wanne, mimi, Baba Kitinda, wifi na Fundi Zulia aliyekuwa anapita tu.

Mpira wa kwanza ulimjia kwa kasi ileile ya mwaka jana. Nilishika waya wa uzio. Yeye alishusha gongo bila haraka, na mpira ukanyamaza. Akainua uso, akatafuta mwenzake, akaupitisha katikati ya wawili. Wa pili vilevile. Baada ya robo saa hakuna aliyeita namba yake. Baada ya nusu saa walimhamishia kikosi kingine, kile cha wakubwa zaidi, na huko alipora mpira, akakimbia nao umeganda kwenye gongo, akafunga. Baba Kitinda alipiga kelele hata walinzi wakaja. Fundi Zulia alikuwa ameshika mkono wa wifi na hawakuonekana kujua.

Alipotoka nilimuuliza, "Kulikuwaje?"

"Kama nyumbani," akasema. Safari hii nilimwamini.

Majibu Jumatatu, kwa namba, ukutani.

28 Aprili, Jumatatu

Kitinda alikuwa na mtihani shuleni, akaomba twende sisi. Tulifika saa tatu. Wazazi walikuwa wamejazana mbele ya ile karatasi, wengine wanatoka wakitabasamu, mama mmoja alipita akiwa amefunika uso. Nilifika hatua kumi kutoka ukutani nikasimama. Nimewahi kukabidhi magauni saa moja kabla ya harusi na sijatetemeka. Leo sikuweza.

"Kaa hapo," wifi akasema. Akavaa miwani, akapenya katikati ya watu kwa viwiko, kama mtu aliyezoea kupita kwenye wodi iliyojaa. Niliona mgongo wake tu. Ulisimama pale muda mrefu. Akainama karibu zaidi, akapitisha kidole kwenye karatasi, akarudia tena kutoka juu. Kisha akageuka, akavua miwani, akaja pole pole mpaka mbele yangu.

"Tumo," akasema.

Nililia pale mbele ya watu, na yeye akalia, na wala hatukuona aibu.

Tulikwenda moja kwa moja shuleni. Ilikuwa saa ya mapumziko. Mlinzi alikataa kutufungulia, basi nilisimama nje ya uzio, na kule mbali kwenye ule uwanja wao wa vumbi nikamwona amesimama peke yake, anatazama getini. Sikumwita. Niliinua vidole vitatu, kisha kimoja. Nikarudia, vitatu, kimoja, nikiitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Alikaa chini palepale kwenye vumbi, na ile sketi nyeupe niliyompigia pasi asubuhi, na sikumwambia ainuke.